Ufa wa Gumegume ya Babu

Bunduki ilikuja ndani ya boksi, vipande vipande. Aliyenitumia ni Mzungu mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi karakana ya chuo, Busitema, aliposikia kuwa namtafutia baba gumegume, ile bunduki ya kale inayowashwa kwa cheche ya jiwe. Mtutu wake ulikuwa chuma kitupu, haukutobolewa. Hata hivyo nilianzia kituo cha polisi. Afisa aliuchungulia huku na huku, akaona hapapenyi hata mwanga, akacheka, akaniandikia barua.

Mwenye haja alikuwa baba. Kwetu, upande wa Nagongera, siku ya kumaliza matanga mrithi hukabidhiwa chombo cha marehemu mbele ya ukoo. Wengi hupewa mkuki. Babu hakuwa na mkuki, alikuwa na gumegume, na serikali ilipokusanya silaha akaisalimisha. Alipokufa matanga yake yaliahirishwa mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa hapakuwa na cha kukabidhi. Baba sasa hawezi tena hata kupanda baiskeli, na bado hajaitwa mrithi. Akifa hivyo atazikwa kama mtoto tu wa boma lile. Jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko ugonjwa wake wa moyo.

Nilifanya kazi hiyo barazani kwangu kila nilipotoka chuoni. Kazi kubwa ni kitako, ule mti unaobeba chuma. Unapaka chuma masizi ya taa, unakibandika kwenye mti, unakitoa. Panapobaki peusi ndipo panapozuia. Unakwangua kidogo kwa patasi, unarudia. Jirani akipita ananiuliza, "Mwalimu, unakwenda kupora dhahabu ya machimbo ya Tiira?" Mwanzoni nilicheka. Mara ya kumi nilimwambia apite njia nyingine.

Baada ya miezi minne mti ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Naweza kusema bila haya kwamba sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Siku mbili kabla ya sherehe ya kumaliza matanga nilimpelekea baba. Aliiweka magotini, akaipapasa toka mwanzo hadi mwisho.

"Kazi mzuri," alisema. "Lakini hii si ya baba. Ya baba ilikuwa na ufa hapa shingoni, imefungwa na waya. Pasua."

Nina hasira za karibu, na siku hiyo hazikuwa mbali. Nilimwambia kama anataka takataka, wauza vyuma chakavu wamejaa Tororo. Mtoto hasemi hivyo na mzazi wake. Nilipotulia nikamuuliza ni nani atakayekumbuka ufa wa miaka yote hiyo.

"Mimi ndiyo nilivunja," alisema. "Nilikuwa nachunga ng'ombe. Nikaiba nipige kanga, ikaniponyoka kwa mwamba."

"Babu alikuchapa?"

"Hapana. Alileta waya. Akasema, funga wewe mwenyewe, kwa sababu itakuwa yako."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari hiyo, hata mama. Niliona aibu. Nikaichukua gumegume, nikaikaza kwenye ukingo wa ngazi na kuikandamiza kwa goti. Mti ule mgumu ulilia mara moja tu, ukapasuka. Roho iliniuma, sitadanganya. Baba aliomba waya, nami nikashikilia kitako huku yeye akizungusha. Alizungusha taratibu, kwa hiyo tulimaliza jua likiwa limeshuka.

Siku ya sherehe, mkabidhi alikuwa shangazi yake baba, dada wa babu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki wa kizazi chao. Mbele ya ukoo aliigeuza bunduki polepole. Niliona amegundua kuwa si ile ya kaka yake: chuma kilikuwa kipya, na macho yake yalikuwa bado mazima. Angeweza kuirudisha, na matanga yangeahirishwa tena, na safari hii huenda baba asingeyafikia. Kidole chake kikafika kwenye waya.

"Nani amefunga hapa?"

"Ni mimi, shangazi," baba alisema.

"Kaka yangu alikuambia ufunge?"

"Aliniambia."

"Basi ni yako. Chukua."

Baba aliipokea kwa mikono miwili, akalia mbele ya wakwe na wajukuu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.