Blenda Aliyoichagua Mama

Mama alipoanza kushindwa kumeza ugali wa muhogo, tulidhani ni koo tu limevimba kwa mafua. Alikuwa anatafuna tonge muda mrefu, anakunywa maji juu yake, kisha anageuka kando na kulitoa kwenye kitambaa ili wanangu wawili wasione. Baada ya miezi mitatu hata wali ulikuwa haupiti. Hospitali walimpima, wakakata kinyama kidogo kooni cha kupima, na majibu yalipofika daktari aliniita peke yangu. Uvimbe ulikuwa kwenye njia ya chakula, na tulikuwa tumechelewa. Alisema kilichobaki ni kumsaidia ale bila kuumia: chakula laini, kisagwe mpaka kiwe kama uji.

Nilimkuta Mama nje kwenye benchi, amekumbatia mkoba wake. Nikamwambia ni vidonda vya koo, vitapona kwa dawa. Akanitazama kidogo, akauliza kama tutapata bajaji ya kurudi nyumbani Gungu. Hakuuliza kingine.

Wiki mbili za kwanza niliponda chakula kwa mwiko na kukipitisha kwenye chujio la chai. Ninafundisha shule ya msingi, hivyo niliamka alfajiri kuponda cha mchana, na nikirudi naponda cha jioni. Bado punje moja ilitosha kumkaba. Siku alipokohoa mpaka akajilaza sakafuni, niliamua tununue blenda. Nilitaka kwenda peke yangu Jumamosi, lakini Mama akasema anakuja. Alikuwa ameuza dagaa sokoni Kibirizi tangu mimi sijaanza shule, na hakuwahi kumruhusu mtu amchagulie kitu. Akavaa kitenge chake cha kutokea, akajifunga kamba kiunoni kwa ndani, maana kitenge kilikuwa hakikai tena.

Muuzaji wa duka la vyombo vya umeme tuliloingia pale Mwanga, mwanamume wa makamo, alimwamkia Mama shikamoo na kumletea kiti. Kisha akaweka blenda mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ndogo, nyepesi, jagi lake la plastiki. Nyingine kubwa, jagi la kioo, pamoja na kikombe cha pembeni cha kusagia vitu vikavu. Mimi nilishaamua: ndogo. Ingetosha bakuli moja, ni rahisi kuosha, na Mama angeweza kuinyanyua mwenyewe nikiwa shuleni.

Mama akaomba ziwashwe zote mbili. Akaweka kiganja juu ya kila moja, akisikiliza kwa mkono, vile vile alivyokuwa akitumbukiza mkono ndani ya gunia kujua kama dagaa wamekauka. Akauliza kama ile kubwa inasaga karanga. Muuzaji akasema inasaga. Na dagaa wakavu? Hao pia. Na visu vikiisha makali, vingine vinapatikana hapa hapa Kigoma? Vinapatikana. Basi akasema tunachukua hiyo.

Nikamwambia ni nzito, hataweza kuiinua, na kwamba hatujaja kutafuta cha kusagia karanga. Akanijibu bila kupandisha sauti, mbele ya yule baba.

“Mimi nitaitumia siku chache. Wewe utabaki nayo, wewe na wanao. Tuchukue itakayowafaa.”

Muuzaji akajifanya anakunja waya. Nilitaka kusema vile vidonda vitapona. Badala yake nikauliza nani amemwambia.

“Hakuna. Nilikuona ulivyotoka kwa daktari,” akasema. “Nilikuwa nangoja uniambie.”

Tulirudi na boksi katikati yetu kwenye bajaji. Nilikuwa na hasira naye, na naona aibu kuandika hivyo. Ule uongo nilikuwa nimeubeba kwa ajili yake, ndivyo nilivyojiambia, kumbe ni mimi niliyekuwa nauegemea.

Jioni ile nilipika dagaa kwa mawese na nyanya, nikawasaga pamoja na muhogo wa kuchemsha. Likatoka rojo la rangi ya matope. Mama akalitazama muda mrefu, akasema amewaona dagaa kwa kila namna, lakini namna hii hajawahi. Akala vijiko vinne, nadhani kwa kunihurumia. Baada ya hapo nilimsagia parachichi na maziwa, au viazi kwa supu ya migebuka, wale samaki wa ziwani, nikamwekea kwenye chupa ya chai kabla ya kwenda kazini. Jagi lilimshinda kuliinua kama nilivyosema. Siku ambazo umeme ulikatika tangu alfajiri, sikuacha kitu, naye alikaa na njaa mpaka nirudi. Jirani yetu, mama wa Kirundi aliyekuwa akimchungulia mchana, ndiye aliyeniambia. Yeye mwenyewe hakusema.

Mvua zilipokolea, vijiko vinne vikawa viwili, kisha kimoja. Jioni moja nilikuwa nasaga papai akaninyooshea mkono nizime. Akataka nimwambie daktari alisema nini hasa, siku ile, kuanzia mwanzo. Nikamweleza yote nimesimama, mikono imejaa papai, hata yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alinisikiliza bila kunikatiza.

“Ahsante,” akasema. “Sasa kaa.”

Nikakaa kwenye kigoda karibu naye. Giza likaingia jikoni na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Alifariki Jumatano iliyofuata, asubuhi. Nilikuwa darasani nasahihisha madaftari. Mwalimu mkuu akaja akasimama mlangoni, akaniita kwa sauti ya chini, nami nikaendelea kuweka alama za vema kwenye daftari lililokuwa mbele yangu, hesabu moja baada ya nyingine mpaka chini ya ukurasa, kwa sababu nilijua nikiinua kichwa tu atasema.