Jiwe la Mto Limerudi Ofisini

Juzi nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi hapa Songea, mzee mmoja wa Ruhuwiko alitua juu ya kaunta jiwe la zege, lile linaloonyesha mwisho wa mita sitini za hifadhi ya mto.

"Shikamoo mzee. Umeling'oa?" afisa aliuliza, kalamu ikibaki hewani.

"Marahaba. Nililisogeza kuelekea mtoni, ili nyumba yangu ionekane iko nje ya hifadhi. Wiki iliyopita mto ulifurika, ukalipita jiwe, ukaingia jikoni kwangu, ukaishia kwenye shimo la zamani la jiwe."

Nilijua maafisa hukagua mipaka; sikujua na mto hukagua.

"Sasa unatakaje, mzee?"

"Lirudisheni pale pale," akasema, akipangusa mikono. "Ila safari hii lichimbieni chini sana. Mimi najijua."