Mtama wa Juu ya Jiko

Juzi mnadani Issuna nilimwona shangazi yangu akinunua pakiti ya mbegu za mtama. Nilipita kama simjui. Hata shikamoo sikumpa.

Bibi, mama yake, ndiye aliyenifundisha kuchagua mbegu. Tulizunguka shambani mtama ukiwa bado umesimama, tukifunga vitambaa kwenye masuke bora. "Chagua ukiwa umeshiba," aliniambia. Baada ya mavuno tuliyaning'iniza juu ya jiko, moshi uyakinge na wadudu. Hayakuguswa hata mwaka wa njaa.

Mchana mmoja, nikiwa bado mdogo, Bibi alikuwa kitandani, hawezi tena kuinuka, nami nikimpepea kwa kanga yake. Uani mchi ulianza kugonga kinu. Shangazi na wenzake walikuwa wakitwanga, na vumbi la mtama likaingia dirishani likinukia moshi. Nilifurahi sana.

"Bibi, wanakutengenezea uji. Utapona."

Alivuta hewa puani, taratibu. "Huo mtama wameutoa wapi?"

"Juu ya jiko."

"Basi si uji wangu, mjukuu wangu. Hao wanatwanga unga wa matanga."

Nilidhani homa imemchanganya. Nikachukua bakuli lake, nikatoka kwenda kumwombea uji.

"Rudisha bakuli ndani," shangazi alisema bila kuacha kutwanga. "Huu ni wa wageni."

Nilitazama njiani. Hapakuwa na mgeni hata mmoja.