Sahani Iliyorudi na Alama ya Kidole

Sahani yangu ilirudi imejaa.

Mrenda wote, ugali wote. Katikati ya mrenda kulikuwa na alama ya kidole kimoja, kama mtu aligusa akaacha.

Na juu yake chumvi. Chumvi nyingi hadi inameta.

Nilisimama mlangoni na hiyo sahani. Chakula nilikimwaga. Sahani sikuiosha ndani ya nyumba, niliiosha nje kwa mfereji.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Naishi mtaa wa Tena, Nairobi, kwa ploti moja ya ghorofa tatu, chini kabisa. Kwetu ni Kimilili. Mimi na jirani zangu wawili, Wanza na Nduta, tumezeeka pamoja hapa, na tuna mchezo wetu wa Jumamosi. Mmoja anapika chakula cha kwao, wengine wanaletewa sahani.

Wanza anapika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda. Nduta anapika mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na hawezi kukupa sahani bila kukukumbusha kuwa ni wa Murang'a, si ule wa Nyeri wa kula ukitafuta viazi.

Mimi napika mrenda, ile mboga ya kuteleza ya kwetu.

Sahani nyingine ilikuwa inaenda juu kwa Opicho. Opicho ni wa huko kwetu, fundi wa welding Kariobangi, hana bibi. Alituambia mama yake alikufa na akamzika, na tangu siku hiyo hajaonja mboga ya maana. Nikamchukua kama wangu.

Ananiita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu.

"Kukhu, mrenda bila munyu ni matope," alipenda kuniambia. "Marehemu mama angeisukuma hiyo sahani."

Munyu ni nini? Unachoma maganda ya maharagwe hadi yawe majivu. Unayaweka kwa mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji, yanadondoka pole pole yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Hayo maji ndiyo munyu. Matone machache yanalainisha mrenda, na ile ladha yake huwezi kuipata dukani.

Basi, akahamia Jacky.

Alichukua ile nyumba ya karibu na gate. Msichana wa kukimbiakimbia, anauza supu Soko la Burma. Alikuja asubuhi na mapema, na vitu vyake vilikuwa ndani kabla hatujafungua madirisha. Tangu siku hiyo pazia halikufunguliwa.

Sisi ni watu wa sahani, kwa hivyo tukampelekea sahani.

Ya Wanza ilirudi imejaa. Alama ya kidole, chumvi juu. Wiki hiyo Wanza akateleza kwa ngazi akavunjika mkono.

Ya Nduta ilirudi hivyo hivyo. Meko yake ya gesi ikashika moto, tukaizima na blanketi.

Yangu ndiyo hiyo nimewaambia. Wiki hiyo munyu ulikuwa umeniishia, nikapika na magadi ya duka. Sikuwaza hilo ni jambo.

Halafu kukawa na ile sauti. Ukipita hapo mchana Jacky akiwa kazini, unasikia kucha zikikwaruza mlango kwa ndani. Kwaru, kwaru. Ukisimama, nayo inasimama.

Wanza ana kibanda pale nje, na ndiye aliyetuambia lile la mwisho. Jacky alikuwa ananunua chumvi pakiti kwa pakiti. Mtu anaishi peke yake, hapiki hata chapati, chumvi yote anapeleka wapi?

Opicho ndiye aliyejibu.

"Mnajua chumvi nyingi hufanya nini? Inazuia nyama isioze."

Maneno hayo yalipanda ghorofa zote. Vijana wa ploti wakasema huyo dem ana maiti ndani. Kimeu, keateka wetu anayetunza ploti, alitaka kuita polisi, lakini Opicho alimkatiza. Polisi, akasema, watakuja wapewe chai waende. Tuvunje mlango Jumapili watu wakitoka kanisani, tutoe kila kitu, tuchome. Tusiulize mtu swali.

Nilimwangalia. Opicho huyu wa vicheko siku hizo alikuwa amebadilika. Hakuwa anakuja kula kwangu tena, alisema kazi ni nyingi. Akipita kwa gate alikuwa anavuta kofia hadi machoni na kutembea haraka. Nikajiambia, naye anaogopa kama sisi.

Lakini mimi nimewahi kuona watu wa mtaa wakichoma mtu kwanza halafu wakauliza. Sitaki kuona tena.

Nikawaambia Jumapili nitaenda mimi kwanza na sahani yangu. Nisipotoka, wavunje.

"Shosh, utakufa bure," kijana mmoja akasema.

"Basi nitakufa nikiwa nimepika," nikamjibu.

Munyu ulikuwa umefika kutoka nyumbani. Jumapili sikuenda kanisani. Nilichambua mrenda, nikauchanganya na majani ya kunde, nikatia munyu maji yalipochemka, nikapika bila kufunika hadi ukaanza kuvutika kwa mwiko. Nikasonga ugali wa wimbi.

Nikabisha kwa Jacky. Nyuma yangu walikuwa wamejaa, Opicho mbele na mtaimbo.

Jacky alifungua kidogo, akanyoosha mkono achukue sahani.

Sikumpa.

"Leo naingia nayo, mwanangu. Ukikataa, hao wataingia bila sahani."

Aliwaona. Macho yakajaa machozi. Akanivuta ndani akafunga.

Giza. Harufu ya dawa ya kuchua na mkojo. Na kwa godoro, chini, kulikuwa na mtu.

Alikuwa mwanamke mzee kuliko mimi. Miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Mdomo umeenda upande mmoja. Alikuwa ananiangalia.

Jacky akaanza kuongea haraka, kwa kunong'ona. Alimpata Burma, ameketi kando ya jiko lake la supu, watu wanamfukuza kama mbwa. Alienda polisi, akaenda kwa chifu, akaambiwa angoje wenyewe wajitokeze. Hakuna aliyejitokeza. Alipokuwa anaishi Kariobangi, majirani walisema ameiba mzee wa watu, wakataka kumpiga. Ndiyo sababu ya pazia. Sahani zetu alizichukua zote akitumaini mzee atatambua chakula cha kwao, ajue pa kumrudisha. Lakini anaonja na kidole tu, anasukuma.

"Na chumvi ya nini, Jacky?"

"Shosho, ni yeye anaitisha. Hilo ndilo neno lake la pekee ninaloshika. Anakohoa, ku, halafu anasema munyu. Cucu yangu, yaani nyanya, alikuwa anaita chumvi munyu, kwa hivyo nikajua ni Mkikuyu mwenzetu. Nimezunguka naye Murang'a yote, makanisa yote. Akisema munyu, namwekea chumvi. Nikimwekea anasukuma, anasema tena munyu. Naongeza."

Hakuwa anakohoa.

Kwetu, tukiongea lugha yetu yenyewe, hatusemi munyu hivyo kavu. Tunasema kumunyu. Huyu mama alikuwa analilia mboga ya kwao kwa lugha yake, na kila akilia anapewa chumvi. Angalia ile miguu. Chumvi ilikuwa inammaliza mbele ya macho ya mtu anayempenda.

Nikapiga magoti, nikamsalimu kwa lugha yetu. "Mulembe, mayi."

Ule upande mzima wa mdomo ukatetemeka. "Mulembe."

Jacky akaketi sakafuni.

Nilimsogezea sahani. Kidole kikaingia kwa mrenda, kikaenda mdomoni. Nikangoja asukume.

Hakusukuma. Alikula. Alikula machozi yakishuka, akimeza pole pole. Nje wakaanza kugonga mlango, nikapaza sauti wangoje.

Nikamuuliza Jacky kwa nini, katika Nairobi nzima, alihamia kwetu.

"Ni yeye. Kule Kariobangi nikienda kazini alikuwa anatoka, anaburura mguu. Kila akipotea nampata usiku, amekaa kwa hii gate yenu. Mara ya mwisho ilikuwa mvua. Nikaona afadhali nihamie hapa hapa, mchana namfungia, anakwaruza mlango akitaka kutoka. Siku hiyo niliuliza waliokuwa wanapita kama wanamjua. Hata yule fundi wa juu nilimuuliza. Akasema hajawahi kumwona."

Mlango ukagongwa tena, safari hii kwa chuma.

Mama alikuwa amefika nusu ya sahani. Akaacha. Akaigawa mboga kwa kidole, upande mmoja wake, upande mwingine akausogeza kando vizuri, vile tunavyowekea mtu aliyechelewa.

Akaniuliza kwa lugha yetu, maneno yakimtoka moja moja, lakini nilisikia yote.

Aliuliza kama Opicho ameshakula.

Niliinuka na ile nusu sahani, nikafungua mlango wazi kabisa, na pazia nikalivuta.

Opicho alikuwa ameinua mtaimbo. Nyuma yake Kimeu, Nduta, Wanza na mkono wake wa plasta, ploti nzima.

"Opicho," nikamwambia, "mama anauliza kama umekula."

"Mama yangu alikufa, Kukhu. Nilikuambia."

Kutoka ndani ile sauti ikaita jina lake. Haikumlaumu. Ilimwita tu, kama anaitwa mezani.

Mtaimbo ukaanguka. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka akatoka kwa gate, na kofia alikuwa ameiacha chini.

Baadaye tulijua. Watu wa nyumbani walimleta mama akae na mwanawe akitibiwa. Opicho alikaa naye wakati sisi tumeenda makwetu ushago Krismasi, akachoka naye, akamwacha Burma, akatuambia amezika.

Mama sasa anakaa kwangu mchana, usiku kwa Jacky. Kliniki walimkataza chumvi, miguu imepungua. Watu wa kwao walipiga simu mara moja, hawajapiga tena.

Wewe unayesoma, sahani yako ikirudi imejaa, usikimbilie kuuliza nani anakuroga. Ingia uulize ni nani ameshindwa kula, na kwa nini. Na yule anayekwambia uchome bila kuuliza, muulize yeye kwanza.

Opicho hajarudi. Vitu vyake Kimeu alivifungia stoo.

Kila Jumamosi mama anakula nusu, ile nyingine anaiweka kando, ananiangalia na kuuliza swali lile lile.

Namwambia ameshakula.

Lakini ile nusu hakubali niitoe.