Makumbusho ya Oli

Muuza nyimbo wa pale Oli, Arua, hufuta kila flashi kwenye shati lake na kuipuliza mara tatu kama uji wa moto, ndipo aichomeke kwenye kompyuta yake iliyong'oka nusu ya herufi. Huuza wimbo mmoja mmoja. Ukimwuliza kama wimbo fulani anao, hatazami popote. Hujibu tu, "Iko," kwa sauti ya askofu anayethibitisha mbingu. Wala hakupi flashi mpaka muusikilize wote pamoja, hata kama mvua imekukuta nje ya kibanda. Wanaolipia nyimbo kwa mwezi kwenye simu humwita Makumbusho, naye huitikia kama aliyepewa cheo.

Alhamisi alikuja Shamim wa Koboko, aliyembatiza jina hilo. Harusi yake ilikuwa Jumamosi, na wimbo wa kuingilia ukumbini, ambao marehemu baba yake aliupigia adungu, kinubi cha kwao, ulikuwa umeondolewa kwenye simu bila hodi.

"Mzee, mimi nalipa kila mwezi!" alisema, karibu kulia.

"Unalipa kodi tu, binti yangu. Nyumba iko ya wenyewe."

Akafuta, akapuliza mara tatu. Adungu ikalia. Siku zote huimba pamoja na wimbo, lakini safari hii alivua kofia akanyamaza. Mwishoni kabisa mpigaji akakohoa, akacheka kidogo.

Shamim akashika meza. "Hiyo kucheka ya baba... kwa simu haikuwako. Walikata."

Mzee akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri.

"Kwangu iko."