Wimbo wa Wifi Niliouita wa Mavuno

Jamani, mimi ni mwongo. Niseme kabisa kabla sijaanza stori, maana nikianza stori najisahau, nafurahi mwenyewe. Mimi ni bibi, nakaa huku Bariadi. Shule niliiacha mapema, mdomo ndio sikuuacha.

Mwalimu wa kwaya yetu, kijana mpole, alikuja kwangu na simu ya kurekodia. Alikuwa anatunga wimbo mpya wa sauti nne, akataka nyimbo tulizoimba zamani tukipalilia pamba. Nilifurahi, we! Nikampa kiti, nikampa karanga, nikamwimbia zote. Kumbe zote anazijua. Akaanza kurudisha simu mfukoni.

Roho ikaniuma. Nikamwimbia wa wifi yangu.

Huyu wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Mtoto wake wa kwanza alishikwa na homa, akambeba mgongoni njia nzima kwenda hospitali, mtoto akafia humohumo mgongoni. Wimbo ule ndio aliokuwa anambembelezea njiani. Baadaye aliuimba tukiwa shambani wawili tu, jembe limesimama. Mtu mwingine hakuusikia.

Kijana akakaa tena. "Bibi, huu wa nini?"

"Wa mavuno," nikamwambia. "Niliutunga mwenyewe. Tulikuwa tunauimba huku tunacheka."

Mnaniona? Ningesema wa msiba, angeuliza msiba wa nani. Na mimi nilitaka uwe wangu!

Basi akautengeneza wa furaha. Wanaume wa besi wanaguna chini kama majembe yanaingia ardhini, wanawake wa sauti ya kwanza wanaruka nao juu, wengine wanawafukuza nyuma, makofi, harakaharaka. Mtamu huo! Siku ya kuuimba kanisani nikawekwa kiti cha mbele, bibi mwenye wimbo. Wifi pembeni yangu. Nilijua hawezi kuutambua na sauti zote zile.

Aliutambua mwanzoni tu.

Hakulia. Mimi napiga makofi, yeye akaishika mikono yangu, akaishusha mapajani. Akaniambia sikioni, "Wifi, mbona wanamchezea mwanangu?"

Akatoka. Tangu hapo tukikutana njiani ni salamu ya "mwangaluka" tu, hasimami. Pamba napalilia peke yangu. Mimi, mtu wa maneno, sina wa kuongea naye!

Nilishindwa kuvumilia. Nikaenda mazoezini, nikasema yote mbele ya wanakwaya, vijana wa kuwazaa! Aibu, jamani. Kisha mwalimu akaenda na mimi kwa wifi. Nikapiga magoti. Hakunitazama, alimtazama kijana.

"Kuimba imbeni," akasema. "Ila msiukimbize hivyo. Mimi nilikuwa natembea polepole, nisimwamshe."

Kijana akainama, akalia. Mimi hata kulia niliona sina haki.

Sasa wanauimba polepole, makofi hakuna. Mwishoni sauti zinaachia mojamoja, anabaki mama mmoja tu, naye anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Wifi anakaa mbele. Mimi hajaniita.

Mabibi wenzangu, kijana akija na simu, mwambieni wimbo ni wa nani, na ni wa nini. Simu ikirudi mfukoni, iacheni irudi!

Mimi siku hizi nakaa nyuma. Wakifika pale palipokuwa na makofi, mikono yangu naishika mwenyewe, naishusha mapajani.