Kola Iliyopanda Mlima Kwenye Pindo la Khanga

Video ya kola niliipiga mwenyewe, nikaihariri mwenyewe, na hadi leo sijaona nzuri kuliko hiyo katika chuo chochote cha ushonaji hapa Morogoro. Kazi hii sikuiokota njiani. Niliosha sahani Uturuki miaka yote ya masomo, nikarudi na stashahada ambayo hakuna mjomba aliyenilipia. Faili ni zito, zaidi ya giga moja, na siombi radhi. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani kwenye video iliyobanwa. Nilijaribu, mshono ukageuka ukungu.

Chuo chetu kinafundisha kwa mtandao, na mfumo unahesabu nani ameangalia video. Asiyeangalia hafanyi mtihani. Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa watoto anayeishi kijiji cha juu kupita Mkuyuni, alikuwa na sifuri tangu muhula uanze. Mtandao wa kule unatosha kupiga simu na kutuma ujumbe, basi.

Lakini video zangu zote alikuwa ameziona. Shangazi yake alikuwa akishuka mjini kuuza ndizi, akapitia ofisini kwangu na memori kadi imefungwa kwenye pindo la khanga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Jaza haraka, fuso halinisubiri. Hivi humu kwenye kadi wanaingia watu wangapi?”

“Wote, mama. Na cherehani zao.”

“Mwanangu anasema wewe unaonekana vidole tu. Uso umeuficha, unatafutwa?”

Nikaenda kumweleza mkuu wa mafunzo.

“Mturuki wetu,” akaniambia, “mtandao upo kila mahali. Mpira wanaangalia, kola ndiyo inawashinda?”

“Mkuu, yule hata huo mpira hauoni. Nampelekea kwa kadi.”

“Kadi haipo kwenye mfumo. Ijumaa akiwa bado na sifuri, namfuta.”

Nikamwomba afungue video yangu palepale, kwenye kompyuta yake, katikati ya mji. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka.

“Leo mtandao uko chini,” akasema, akaifunga.

Mtandao ukimgomea yeye, kosa ni la mtandao. Ukimgomea yule mama wa kijijini, ni uvivu!

Nilitoka nje na hasira zangu. Nikampigia mwanafunzi wangu, akanitajia neno lake la siri. Kesho yake nikakaa nyumbani, nikaingia kwenye mfumo kwa jina lake, kwa kifurushi changu mwenyewe, nikaziacha video zicheze moja baada ya nyingine mpaka jioni. Muda wote huo yeye alikuwa shambani anachimba magimbi.

Mtihani akafanya. Kola yake ilikaa shingoni kama ya kwenye video, na hapo nilijipongeza, maana hakuna mwingine wa kunipongeza.

Kwenye kikao cha walimu, mkuu akaonyesha rekodi ya mama yule ukutani. “Mnaona? Alipoamua, kamaliza zote siku moja. Hao wengine wenye sifuri waache visingizio.”

Nilisimama. Kisha nikakumbuka kwamba nikisema, na mwanafunzi wangu atafutwa. Nikakaa, nikasoma pale ukutani majina ya waliofutwa. Wawili wa Mlali. Huko nako watu hushusha mboga mjini.

Kikao kilipoisha sikurudi ofisini. Nilienda sokoni, memori kadi mbili zenye video zangu mfukoni, nikawa nauliza meza kwa meza nani anatoka Mlali.